Ufiti wa Oktoba, miguu ya Machi: mwaka mzima wa mtelezaji wa skii

Kombe la Dunia la skii za milimani hufunguliwa mwishoni mwa Oktoba kwenye mto wa barafu wa Rettenbach, juu ya mji wa Sölden nchini Austria, na hufungwa katika nusu ya pili ya Machi. Mtu wa nje ukimuuliza watelezaji hawa wanakuwa fiti zaidi lini, atakutajia Januari au Februari, maana ndiyo miezi ya mashindano makubwa. Sisi tunaoshughulika na miili yao tunajua ni katikati ya Oktoba, kabla hawajapita lango hata moja la mashindano, yaani nguzo zinazoonyesha njia ya kushukia. Kuanzia hapo, karibu kila kinachopimika jimuni huanza kuteremka: urefu wa kuruka, pumzi, uzito wa misuli na mwisho nguvu zenyewe. Kinachopanda ni ustadi. Kwa hiyo kazi ya kocha wa viungo wakati wa baridi ni kuchelewesha upotevu, na ndiyo sehemu ya kazi yetu inayopuuzwa kuliko zote, kwa kuwa haina la kujivunia. Hakuna anayepigiwa makofi kwa sababu mchezaji wake amepoteza kidogo.

Tuanze na mchezo wenyewe unadai nini. Mshuko wa slalomu, mbio zenye kona za karibukaribu kuliko zote, huchukua sekunde 45 hadi 60, mara mbili kwa siku ya mashindano. Slalomu kubwa, yenye kona ndefu zaidi, huchukua dakika moja hadi moja na nusu, nayo mara mbili. Super-G na dawnhili, zile mbio za kasi kubwa, ni mshuko mmoja tu. Dawnhili ya Lauberhorn kule Wengen, Uswisi, ndiyo ndefu kuliko zote, karibu kilomita 4.5, na mshindi huimaliza kwa takriban dakika mbili na nusu. Kwa anayejua riadha, muda huo unafanana na mbio za mita 400 hadi 1,000. Msuli ndio unaofanya kazi tofauti. Mkimbiaji hukaza na kulegeza, na damu hupita katikati ya hatua na hatua. Mtelezaji hukaa amechuchumaa kuanzia juu hadi chini, na kwenye kila kona mguu wa nje hubeba mzigo unaozidi mara mbili ya uzito wa mwili, huku misuli ya mbele ya paja ikikaza na kurefuka kwa wakati mmoja, yaani ikifunga breki. Msuli uliokaza namna hiyo hukaba mishipa yake ya damu. Oksijeni hupungua, lakteti (zao la msuli unaofanya kazi bila oksijeni ya kutosha) hupanda, na baada ya slalomu kubwa si ajabu kukuta zaidi ya milimoli 10 kwa lita kwenye damu, mapigo ya moyo yakiwa karibu na kilele chake.

Kwa hiyo anahitaji nguvu kubwa za kufunga breki, uwezo wa kuvumilia paja linalowaka, na pumzi. Makocha wa zamani walibishana sana juu ya pumzi, wakisema mchezo wa dakika moja hauna haja nayo. Lakini mshuko mmoja si siku nzima. Mtelezaji hushuka mara sita au nane kwa asubuhi moja, siku nne au tano mfululizo, mara nyingi kwenye mwinuko wa mita 3,000 na zaidi. Mwenye pumzi hafiki chini mapema kuliko mwenzake kwenye mshuko wa kwanza. Tofauti huonekana kwenye wa saba, maana yeye bado anajifunza kitu wakati mwenzake anahangaika asianguke.

Sasa kwa nini kuteleza kwenyewe hakumweki mtu fiti? Piga hesabu ya siku ya mazoezi ya slalomu. Mishuko minane ya sekunde 50 ni dakika 6 na sekunde 40 za kazi. Saa zilizobaki ni za kukaa kwenye lifti, kukagua njia, kusubiri zamu, kuvua koti na kulivaa tena, kwenye baridi ya nyuzi kumi chini ya sifuri. Jioni anarudi hotelini hoi, na wengi huudhani uchovu huo kuwa mazoezi. Sehemu kubwa yake ni baridi, mwinuko, buti linalobana na kuamka alfajiri. Moyo haukupata kazi ya kutosha kuulinda.

Kwa watu wa dawnhili hali ni mbaya zaidi. Wiki ya mashindano, siku nzima inaweza kuwa mshuko mmoja wa majaribio, na ukungu ukishuka hata huo unafutwa.

Nguvu nazo hupata ulinzi wa nusu tu. Mzigo wa theluji ni mzito lakini wa taratibu: kona ya slalomu huchukua chini kidogo ya sekunde moja, ya slalomu kubwa zaidi ya hapo, na miguu haiachi ardhi ila kwenye miruko. Buti gumu limefunga kifundo cha mguu, hivyo mashavu ya miguu na kano ya kisigino, ambazo ndizo springi ya mwili, hulala miezi mitano. Ndiyo maana kipimo cha kwanza kuanguka, mara nyingi kabla ya Krismasi, ni kile cha kudondoka kutoka kwenye sanduku na kuruka papo hapo. Pumzi hufuata, ikiachwa kabisa huanza kupungua ndani ya wiki mbili hadi nne. Nguvu za juu kabisa, zile za kunyanyua chuma kizito mara moja, hukaa muda mrefu zaidi na hudanganya, maana mtu anaendelea kujiona ana nguvu wakati kasi ya kuzitoa imeshapungua.

Mwaka wa kazi huanza Mei. Fainali zikiisha Machi bado kuna mashindano ya kitaifa, kisha wiki mbili hivi za Aprili za kujaribu mabuti na skii za msimu ujao juu ya theluji laini ya mwisho. Baada ya hapo ni mapumziko ya wiki tatu au nne. Mei na sehemu ya Juni ni msingi: skwati (kuchuchumaa na kuinuka na chuma mabegani) seti 4 za marudio 8 hadi 10 kwa 65–75% ya uzito wa juu anaoweza kunyanyua mara moja, baiskeli ya taratibu dakika 60 hadi 120 mara tatu au nne kwa wiki, na kazi nyingi ya kiuno na tumbo. Juni kuelekea Julai uzito hupanda na marudio hupungua: seti 4 au 5 za marudio 3 hadi 5 kwa 85–90%. Pumzi ya juu hujengwa kwa vipindi vya dakika nne mara nne, mapigo yakiwa 90–95% ya kilele, na dakika tatu za kuzungusha pedali pole katikati.

Hapa pana hila moja inayofaa. Utafiti wa Uswisi uliochapishwa mwaka 2010 uliwapa watelezaji vijana vipindi 15 vya aina hiyo ndani ya siku 11 badala ya kuvitawanya, na kiwango chao cha juu cha kutumia oksijeni kilipanda kwa takriban 6% baada ya kupumzika wiki moja. Faida ya mpangilio huo ni kwamba wiki nyingine zote zinabaki huru kwa vyuma. Hasara ni kwamba katika siku hizo 11 miguu haina haja na chochote kingine, na kuruka kunashuka kwa muda. Usiupange kabla ya kambi ya theluji wala kabla ya vipimo, la sivyo utasoma namba mbaya na kuanza kutibu ugonjwa usiokuwepo. Anayependa njia ya kawaida, vipindi viwili kwa wiki, naye afanye. Ila asivipange siku moja na skwati nzito bila kuachanisha angalau saa sita, na chuma kitangulie. Baiskeli ndefu kwanza kisha chuma ni njia ya uhakika ya kunyanyua vibaya.

Agosti vikosi vingi hufuata theluji kusini mwa dunia: Ushuaia kule Argentina, milima ya juu ya Santiago nchini Chile, au New Zealand. Wengine hubaki Ulaya, kwenye barafu za Zermatt, Saas-Fee au Hintertux. Kambi hizi za wiki tatu ndizo zinazoharibu majira ya joto ya watu wengi. Mchezaji ameondoka na miguu ya Julai, amekaa siku 20 katika nyumba ya wageni isiyo na jimu, anarudi Septemba na miguu ya Mei. Kisha kocha anakuwa na wiki tano tu za kurudisha kilichopotea, wakati mpango ulisema Septemba ni mwezi wa kugeuza nguvu kuwa kasi.

Dawa yake ina uzito wa chini ya kilo moja: mkanda imara usiovutika, wa aina ya kufungia mizigo, na mkanda mpana wa kiunoni au fimbo ya kushika. Mchezaji husimama juu ya mkanda, huufupisha mpaka goti likunjwe nyuzi 90 hadi 100, kisha husukuma kwenda juu kwa nguvu zake zote kwa sekunde tano. Anafanya mara tano, akipumzika dakika mbili kila mara, siku mbili kwa wiki. Hauna kushuka na kupanda, kwa hiyo hauleti maumivu ya kesho yake, na pembe ya goti inafanana na ile ya kwenye kona. Baada yake aruke kwa miguu miwili seti 3 za mara 4, pekupeku kwenye zulia kama sakafu ni salama, ili kifundo kikumbuke kazi yake. Robo tatu ya saa, imekwisha.

Miaka ya karibuni ratiba ya barafu yenyewe imeanza kuyumba. Kiangazi cha mwaka 2022 Zermatt ililazimika kusimamisha kuteleza kwa sababu ya joto, na dawnhili iliyopangwa kuvuka mpaka kutoka Zermatt, Uswisi, hadi Cervinia, Italia, ilifutwa mwaka huo kwa kukosa theluji, ikafutwa tena 2023 kwa sababu ya hali ya hewa, kisha ikatolewa kwenye kalenda. Kocha wa theluji hulalamika, na ana haki. Kocha wa viungo, tukisema ukweli, hupokea wiki hizo kwa mikono miwili.

Vipimo tunavifanya mara nne: mwishoni mwa Mei, mwanzoni mwa Agosti, wiki ya pili ya Oktoba, na kipimo kifupi mwanzoni mwa Januari. Kuruka kunapimwa kwanza mwili ukiwa mpya, nguvu zinafuata, kazi ya kuunguza mapaja inakuwa ya mwisho, na pumzi inapimwa kesho yake. Mikono kiunoni, viatu vilevile, saa ileile ya siku, kupasha misuli moto kulekule. Ukikiuka hayo, tofauti ya sentimita moja au mbili kwenye kuruka haina maana yoyote. Ukiwa na bamba la kupimia nguvu, usiangalie urefu peke yake. Tazama jinsi mguu wa kushoto na wa kulia inavyogawana kazi wakati wa kushuka chini, kabla ya kuruka, maana hapo ndipo mguu uliowahi kuumia hujificha. Wengi huichukua tofauti ya 10% kuwa mstari wa tahadhari.

Kipimo kinachotufundisha mengi kuliko vyote hakihitaji mashine. Ni sanduku imara la kimo cha takriban sentimita 40 na saa ya mkononi. Mchezaji anasimama juu, anaruka chini kulia, anarudi juu, chini kushoto, anarudi juu, kwa sekunde 90 bila kusimama. Unahesabu kila anapogusa juu, na unaandika namba ya kila sekunde 30. Hizo namba tatu ndizo kipimo; jumla ni ya kuwafurahisha watu. Chukua wachezaji wawili waliopata 90 kila mmoja. Wa kwanza amepata 38, 30, 22. Wa pili 32, 30, 28. Wa kwanza ana springi nzuri lakini pumzi haimtoshi kulipa deni, au hajui kujipimia. Huyo Novemba ataongoza kwenye malango ya juu na kupoteza muda kwenye uwanda wa mwisho. Wa pili ana pumzi, ila hana cha kulipuka nacho. Apewe vyuma na miruko, asiongezewe baiskeli hata kidogo. Ukirudia Januari, angalia ni theluthi ipi iliyopungua. Ikiwa ya mwisho, pumzi imepoa. Ikiwa ya kwanza, springi na kasi ya nguvu zimelala. Zikipungua zote kwa kiasi kilekile, kabla ya kubadilisha mazoezi muulize amelala saa ngapi wiki hiyo na amekula nini.

Angalizo la usalama: asiyezoea akipewa sekunde 90 siku ya kwanza, kuna dakika ambayo miguu haipandi tena na ugoko unagonga ukingo wa sanduku. Anza na sekunde 30, kisha 60, kwa wiki tatu, na uvishe kingo za sanduku sponji.

Msimu ukianza, kanuni inayotubeba ni moja: punguza wingi, usipunguze uzito. Nguvu zilizojengwa majira ya joto huweza kulindwa kwa kipindi kimoja au viwili kwa wiki, na theluthi moja tu ya seti za zamani, mradi chuma kibaki kizito. Watu hufanya kinyume. Wanahofia mchezaji amechoka, wanampa uzito mwepesi na marudio mengi, seti 3 za 15, na matokeo yake ni paja linalouma bila faida yoyote ya nguvu. Kipindi chetu cha baridi huchukua dakika 40: kupasha mwili, miruko 3 × 4 (seti 3 za mara 4), skwati 3 × 3 kwa 85–90%, zoezi moja la mguu mmoja 2 × 5, misuli ya nyuma ya paja 2 × 5, basi. Hakuna kuongeza kitu.

Siku ya kukiweka ndiyo yenye ubishi. Chukua mtu wa slalomu mwenye mashindano Jumapili. Jumatatu anasafiri au anaendesha baiskeli pole nusu saa. Jumanne asubuhi yuko theluji, na jioni ileile ndipo chuma kizito kinapokaa. Kukiweka siku ya mapumziko ni kosa, kwani siku ya kupumzika inakuwa imeuawa na siku ngumu haijawa ngumu vya kutosha. Jumatano theluji tena, na jioni baiskeli ya vipindi vifupi kama wiki hiyo haina safari ndefu. Alhamisi ni nyepesi. Ijumaa ni kipindi cha dakika 20 cha kuamsha mwili: miruko michache na seti mbili za marudio mawili kwa uzito wa wastani unaonyanyuliwa kwa kasi. Mashindano ya usiku huvuruga yote. Kule Schladming, Austria, mshuko wa pili wa slalomu huanza karibu saa tatu kasoro robo usiku; mpaka vipimo vya dawa zilizopigwa marufuku, chakula na safari ya kurudi hotelini viishe, mtu anaingia kitandani saa saba usiku. Kesho yake usimguse.

Jambo linaloharibu wiki nzima kwa uzembe ni kurudisha zoezi lililoachwa. Mchezaji ameacha zoezi la kupiga magoti na kuangukia mbele taratibu, lile la misuli ya nyuma ya paja, kwa wiki tatu za safari. Anakuta jimu nzuri, anafanya seti zake za zamani, na kesho kutwa hawezi kuinama kufunga buti. Kazi ya breki huumiza msuli usioizoea, na mazoea hayo huisha haraka. Seti moja ya marudio manne kila wiki, bila kukosa, hulinda kuliko seti nne kila baada ya wiki tatu. Na katika wiki ya mashindano hakuna zoezi jipya, hata kama limesifiwa vipi na timu jirani.

Misuli hiyo ya nyuma ya paja si pambo. Kwenye skii goti ndilo linaloumia kuliko kiungo kingine chochote, na ligamenti ya mbele iliyo ndani ya goti ndiyo hofu ya kila mtu. Njia ya kawaida ya kuikata kwa watelezaji wa kiwango cha juu haihitaji hata kuanguka: kwenye kona skii ya nje inapoteza mshiko, mchezaji ananyoosha mguu kuitafuta theluji, ukingo wa ndani unashika ghafla, na goti linasukumwa ndani na kuzunguka kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Hakuna msuli utakaoamka kwa wakati usipokuwa tayari umekaza. Miguu iliyochoka humkalisha mtu nyuma ya skii, na aliyekaa nyuma ana nafasi ndogo ya kuokoa kona hiyo. Kwa hiyo tunaposema mishuko imetosha, tunaangalia nyonga: zikianza kushuka nyuma ya visigino kwenye malango matano ya mwisho, mshuko unaofuata haupo. Kocha wa theluji atasema bado mmoja. Hapo ndipo mnapopaswa kuwa mmekubaliana tangu Septemba nani ana neno la mwisho.

Chakula kinahusika zaidi ya inavyodhaniwa. Ile kazi ya dakika saba hula glaikojeni (akiba ya wanga) ya paja kwa kasi, na baridi na mwinuko huongeza matumizi. Anayekunywa kahawa tupu saa kumi na mbili asubuhi na kula saa nane mchana anafanya nusu ya mafunzo yake akiwa na tumbo tupu. Gramu 30 hadi 60 za wanga kwa kila saa mlimani zinatosha: ndizi, mkate wenye jamu, chai tamu kwenye chupa ya moto. Chupa ya maji iwe ndani ya koti, vinginevyo itaganda. Uzito wa mwili upimwe kila wiki saa ileile. Kilo mbili zikipotea kati ya Novemba na Januari, kwa mtu wa dawnhili hasa, ni misuli inayoondoka. Kwa wanawake tunapima akiba ya madini ya chuma Septemba na tena Januari, kwa sababu upungufu wake hufanana kabisa na uchovu wa kawaida wa msimu na lawama huweza kutupiwa safari kwa miezi miwili.

Mafua nayo. Hewa kavu ya mlimani, vyumba vya watu wawili, ndege na mabasi. Dalili zikiwa puani tu, baiskeli pole inaruhusiwa. Zikishuka kifuani au homa ikipanda, hakuna mazoezi, na siku ya kwanza ya kurudi ni nusu ya kazi.

Kwa vijana wa miaka 13 hadi 17 usome namba kwa jicho jingine. Kijana aliyekua sentimita nne kati ya Oktoba na Mei ataruka juu zaidi Mei hata kama mazoezi yake ya baridi yalikuwa bure, na kocha atajipongeza. Pima kimo kila mwezi. Katika miezi anayorefuka haraka, mpe miruko michache na chuma chepesi chenye mkao safi, maana kano za gotini zinavutwa na mifupa inayokua, na maumivu chini ya pia ya goti ni ya kawaida. Shule za skii kama ile ya Stams huko Austria zina nafasi nzuri hapa, kwani darasa, jimu na mlima viko chini ya ratiba moja.

Asiye na kikosi nyuma yake ana hesabu nyingine kabisa. Sabrina Simader, aliyezaliwa Kenya na kukulia Austria, ndiye aliyeiwakilisha Kenya kwenye skii za milimani katika Olimpiki ya Pyeongchang mwaka 2018. Mtelezaji wa nchi ndogo kwenye mchezo huu hukimbizana na pointi za shirikisho la kimataifa, FIS, kwenye mashindano madogo yaliyotawanyika, na kila wiki ya barabarani ni wiki ambayo jimu haipo. Kwa mtu wa namna hiyo mkanda ule wa kilo moja unafaa kuliko programu ya kurasa 20. Kama ana nafasi ya kulinda vitu viwili tu, avilinde hivi: skwati nzito au mkanda mara moja kwa wiki, na miruko ya kifundo mara mbili. Pumzi ataijenga upya Mei. Nguvu za breki ndizo zinazomfikisha chini akiwa mzima.

Machi huja na kishawishi chake. Mchezaji amepoteza kuruka, anajiona mzito, anaomba wiki moja ya kujenga upya kabla ya fainali. Wiki moja haijengi kitu, inachosha tu. Tunamwongezea usingizi na kumpunguzia mishuko ya mazoezi kwa theluthi moja, chuma kikibaki palepale.

Aprili hatupimi. Ukipima mara tu baada ya mashindano ya mwisho, unapima uchovu. Ukipima baada ya wiki mbili za kulala, unapima kupoa. Tunangoja mwisho wa Mei, baada ya wiki tatu za kazi. Wiki ya kwanza kati ya hizo ni seti 2 tu za marudio 8, kwa nusu ya uzito wa Oktoba, siku ya Jumatatu na Alhamisi. Jumatano wote watalalamika kwamba ni nyepesi mno, huku wakishuka ngazi kinyumenyume kwa maumivu ya mapaja.